Roboti Aliyemeza Bomu

Kosa langu lilikuwa kutangaza. Niliwaambia wapwa zangu wawili kwamba Jumamosi mjomba analeta muvi ya roboti, na wao wakawaambia wenzao. Saa mbili usiku sebule ya dada ilikuwa na watoto 11 mkekani, na mmoja wao simjui mpaka leo.

Kijana anayenijazia muvi kwenye flashi nilimwambia neno moja tu, "roboti". Akaniwekea Brian and Charles, filamu ya Waingereza ya mwaka 2022, akachukua jero yake.

Ikaanza. Baridi, matope, kijiji huko Wales. Mwanamume mwenye ndevu zilizosahaulika anaonyesha vitu alivyobuni: mkanda wa kubebea mayai kiunoni, saa ya ukutani inayotakiwa kuruka angani.

"Mjomba, roboti yuko wapi?"

"Tulia, anakuja."

Akaja. Kiwiliwili chake ni mashine ya kufulia. Kichwa ni cha sanamu ya dukani, ya mzee mwenye mvi. Watoto wakageuka wote kunitazama mimi, kama nimewauzia mbuzi kwenye gunia.

Hapo ndipo nikajitia Lufufu, yule mtafsiri wa muvi. Nani kati yao angejua Kiingereza kinasema nini? Nikakaza sauti ya kibanda umiza: "Huyu anaitwa Charles! Katumwa kuiteka Uingereza! Steringi anamkabidhi silaha!"

Kwenye kioo, Brian alikuwa anampa kabichi.

"Ile ni bomu," nikasema.

Charles akaila.

Kimya. Halafu mpwa wangu mdogo, kwa upole kabisa: "Mjomba, mbona anakula bomu?"

"Anaficha ushahidi!"

Mama yangu alikuwa pembeni anachambua choroko. Kiingereza chake kinaishia "gudi moningi", lakini alikuwa ameacha ungo muda mrefu. "Muongo wewe," akasema. "Huyo mwanamume hana mtu. Kajitengenezea mwenzake wa kuongea naye."

Nikajaribu kupinga. Wakati huo Charles alikuwa anang'ang'ania kutoka nyumbani, kasikia habari za Honolulu, anataka kwenda, na Brian anamkatalia.

"Huyo sasa anaomba ruhusa, ananyimwa, kanuna," mama akaendelea. "Wewe kidato cha pili ulikuwa hivyo hivyo." Yule Hazel, dada mwenye haya, alipotokea tu: "Mkwe huyo." Hakukosea hata mahali pamoja. Kazi ya ukalimani nikanyang'anywa ndani ya nyumba ya dada yangu mwenyewe.

Na watoto wakanasa! Familia katili ya kijijini ilipomtaka Charles, mkeka mzima ulisimama. Dakika 90, hakuna jengo lililoanguka wala gari lililolipuka, na hakuna aliyeuliza. Baadaye ndipo nikasoma kwamba ndani ya lile boksi yumo Chris Hayward, aliyeiandika filamu pamoja na David Earl, huyo huyo Brian, na kwamba kabla yake ilikuwa filamu fupi ya mwaka 2017. Nilishangaa. Nilikuwa nimeshamwonea huruma Charles kama mtu wa ukoo.

Nimeirudia mara mbili peke yangu, ingawa kijana wa flashi sijamwambia. Ataniona nimeridhika.

Jumapili asubuhi dada akawasha mashine yake ya kufulia, ndani sare zake nyeupe za kazini. Kufungua, ukelele. Kabichi zima lilikuwa limechanika vipande vidogo vidogo, limejipachika kwenye kola, mifukoni, hadi kwenye vifungo. Nyumba inanuka kachumbari ya juzi.

"Nani kaweka kabichi humu?"

Mpwa mdogo akanyoosha kidole juu kama yuko darasani. "Mama, hajala tangu umnunue."

Dada akanigeukia mimi. Nikamtazama mama aniokoe.

Mama hakuinua hata macho kwenye choroko zake. "Si ulisema ni bomu?"