Nyumba ya Mbilikimo Ndiyo Moyo wa Snow White

Tangu ilipotoka mwaka 2025 ile filamu mpya ya Snow White yenye waigizaji halisi, filamu ya katuni ya Snow White and the Seven Dwarfs, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mjini Los Angeles tarehe 21 Desemba 1937, imerudishwa kizimbani. Shtaka lake linajulikana: binti mfalme anafagia, anapika na kuimba huku akimngoja mwanamume aje amwokoe, kisha anabusiwa akiwa hana fahamu. Shtaka hilo si la kupuuzwa, na mzazi anayesita kumwonesha binti yake filamu hii ana sababu zake. Lakini wengi wanaolitoa, kwa maoni yangu, wanahukumu kumbukumbu ya filamu, si filamu yenyewe.

Wakosoaji wana hoja moja nzito ambayo hawaitumii ipasavyo. Katika hadithi ya ndugu Grimm wa Ujerumani, iliyochapishwa mwaka 1812, nyumba ya mbilikimo ni safi na imepangwa vizuri. Ni studio ya Walt Disney iliyoijaza vumbi, vyombo vichafu na utando wa buibui, na hivyo ikampa msichana kazi ya kusafisha. Huo ulikuwa uamuzi wa watu wa miaka ya 1930 kuhusu mahali pa mwanamke, na ndani ya studio yenyewe hali ilikuwa hiyo hiyo, kwani wanawake walifanya hasa kazi ya wino na rangi huku uchoraji wa mienendo ya wahusika ukiwa mikononi mwa wanaume.

Hata hivyo, tutazame anachofanya Snow White ndani ya nyumba hiyo. Amefika akikimbia kifo, baada ya mwindaji aliyeagizwa na malkia, mama yake wa kambo anayeuonea wivu uzuri wake, aulete moyo wake ndani ya kisanduku kushindwa kumuua. Anapoona viti vidogo na uchafu ule, anadhani wenyeji ni watoto yatima wasio na mama, na anaanza kusafisha kabla hajaombwa na mtu. Kwa Grimm, mbilikimo ndio wanaoweka masharti: ukitupikia na kutufulia, utakaa. Katika filamu, ni yeye anayetaja atakachofanya ili akae, na akishakubaliwa anatoa amri. Chakula kinakaribia kuiva, lakini hali mtu kabla mikono haijakaguliwa, nao wenye nyumba wanatolewa nje wakanawe, hata mbilikimo Grumpy, aliyekuwa akipinga tangu mwanzo mwanamke kukaribishwa, anaishia kuoshwa kwa nguvu na wenzake. Mtu anaweza kusema kwamba umama nao ni nafasi finyu ya kumwekea mwanamke, na nitamkubalia. Ila mgeni asiye na kitu, anayeingia katika nyumba ya watu na jioni hiyo hiyo akaiwekea sheria, hawezi kuitwa mtu wa kukaa na kungoja.

Jambo linalonishughulisha zaidi ni mwanamfalme. Filamu ina dakika 83, naye anaonekana mwanzoni kisimani na mwishoni kwenye jeneza la kioo. Wachoraji walipata taabu kumchora mwanamume wa umbo halisi, na mpango wa kumwonesha akifungwa na malkia uliachwa. Wimbo wa kumngoja upo, ni kweli. Lakini muda ambao angeupata yeye ulijazwa supu, kunawa, dansi ya usiku na, hatimaye, msiba baada ya Snow White kula tofaa lenye sumu alilopewa na malkia: mbilikimo wamekizunguka kitanda, na Grumpy anageuza uso na kulia. Filamu iliyogharimu takriban dola milioni 1.5, na ambayo wengi Hollywood waliiita upuuzi wa Disney kabla haijatoka, ilitegemea kwamba watazamaji wangewalilia watu wa kuchorwa, na kweli walilia. Ndani ya filamu, wanaomlilia Snow White ni wale alioishi nao. Uzuri wake ni hangaiko la malkia na kioo chake. Kwa mbilikimo, kilichopotea ni mtu aliyeibadilisha nyumba yao.

Kuhusu busu, wakosoaji wasahau kidogo kile tunachokijua sisi watazamaji. Malkia amesoma kitabuni kwamba busu la kwanza la mapenzi huvunja sumu, lakini mwanamfalme haoneshwi akiijua siri hiyo. Anambusu mtu anayemwona kama maiti, kisha anapiga magoti na kuinamisha kichwa kama mfiwa. Isitoshe, kule kisimani Snow White mwenyewe alikuwa amembusu njiwa na kumtuma kwake.

Kinachonisumbua mimi ni kinachofuata baada ya hapo. Snow White anawaaga mbilikimo, anapandishwa farasi na kuondoka na mwanamume ambaye hatujawahi kumsikia akizungumza naye mambo yoyote ya maana. Malkia amekufa, na filamu haiulizi hata mara moja nani atatawala mahali pake, ilhali aliye na haki ya kiti hicho ni msichana huyu aliyetoka kuonesha kwamba anaweza kuongoza nyumba ya watu saba wakaidi.