Pikapu Inaelea, Daraja Halina Gundi

Kosa langu ni moja tu: nilimsikia mtu akipiga gitaa la akitopu. Yale magitaa yenye kifua kilichobinuka kama mgongo wa kobe, na matundu mawili marefu yaliyojikunja kama ya fidla. Alipiga noti nne, labda tano, nikageuka kuliangalia gitaa langu kwa dharau ambayo halikustahili.

Maana kusema kweli, lile gitaa lilikuwa limenisitiri miaka mingi. Nikikosea kodi, zile noti zinazopigwa kwa pamoja, gitaa bovu. Uzi ukikoroma, gitaa bovu. Wageni wakianza kuaga wimbo ukiwa katikati, jamani, si mnajua gitaa lenyewe bovu? Mke wangu akasema mchagua jembe si mkulima. Sikumjibu. Mtu akishaamua kupoteza hela, methali humpita pembeni.

Nikaenda kwa fundi anayejitegemea, anayechonga kwa mkono, moja moja. Nilidhani kununua ni kununua: unanyoosha kidole, unalipa, unabeba. Kumbe nimeenda kwenye usaili.

"Unataka mwili wa inchi ngapi? 16, 17 au 18?"

"Wa kawaida."

"Kawaida ya nani?"

Nikachagua 17, iko katikati, haimkwazi mtu. Akahamia kwenye shingo: pale juu nyuzi zinapoanzia, upana uwe milimita 43 au 44.5? Ndugu zangu, tofauti ni milimita moja na nusu! Mimi hata kucha sijawahi kuzikata kwa umakini huo. Nikasema 44.5, kwa sababu ile nukta ilinionyesha kama mtu anayejua. Akaandika.

Akauliza mihimili ya ndani, ile inayoshikilia kifua kisididimie. Iwe miwili inayokwenda sambamba, sauti itoke kali ya kupenya kwenye bendi, au ipishane kama herufi X, sauti iwe laini? "Wewe hupiga wapi zaidi?" Sebuleni, nikamwambia, watu wakishalala. Akaniangalia. "Basi X."

Halafu likaja swali lililonimaliza. "Na pikapu, unataka ya kuelea?"

Nikanyamaza. Mimi pikapu ninayoijua ina magurudumu manne na inabeba mizigo. Ya kuelea hiyo inavukaje mto? Kumbe ni kile kidude kinachonasa mtikisiko wa nyuzi ili upige kwa umeme. Kinaitwa cha kuelea kwa sababu kinaning'inizwa kwenye ncha ya shingo, kisiguse kifua kabisa, kifua kibaki huru kutikisika. Nikasema sawa, ielee. Akaongeza kwamba hata daraja linalobeba nyuzi halipigwi gundi, limekaa tu pale kwa uzito wa nyuzi zinazolikandamiza. Moyoni nikawaza: pikapu inaelea, daraja halina gundi, hili ni gitaa au ni mafuriko?

Nikalipa arubuni. Ndipo nilipoelewa ninalipia nini: maranda. Kile kifua hakikunjwi. Fundi anachukua mbao mbili nene za msprusi, mti laini, zilizopasuliwa kutoka gogo moja, anaziunganisha kama kitabu kilichofunguliwa, halafu anazichonga kwa patasi na randa ndogo, nje na ndani, mpaka zibaki kama milimita sita katikati na pembeni pungufu ya hapo. Mgongo hivyo hivyo, ila huo ni wa mepo, mti mgumu zaidi. Sehemu kubwa ya ubao niliougharamia iko sakafuni kwake. Anaifagia. Nilitaka kumwambia aniwekee japo kwenye mfuko.

Nikauliza kwa nini asikunje ubao mwembamba, mambo yakaisha. Akanipa historia bila kuacha kuchonga. Orville Gibson alichonga vifua vya namna hiyo tangu miaka ya 1890, akiiga mafundi wa fidla. Kisha mwaka 1922 kampuni yenye jina lake ikatoa L-5, gitaa la kwanza la aina hii lenye matundu ya fidla. Enzi hizo gitaa halikuwa na umeme, na mpigaji alikaa mbele ya matarumbeta akitaka naye asikike. Nikasema mimi sina tarumbeta nyumbani. Akasema bado hajamaliza kuchonga.

Miezi ikaenda. Akawa ananitumia picha. Ya kwanza: ubao. Ya pili: ubao ule ule, umechorwa penseli. Nikawa nawaonyesha watu kazini kama baba mtarajiwa, nao wananipongeza kwa sauti ya msibani. Siku moja akatuma sauti: ko, ko, ko. Anagonga kifua kwa kidole, kisha anapunguza kidogo, anagonga tena. "Umesikia tofauti?" Nimesikia, nikamjibu. Sikusikia kitu. Ilikuwa ni mlango unabishwa mara mbili.

Uvumilivu ukaniishia, nikajizatiti kwa hesabu. Nikampigia: "Fundi, John D'Angelico wa New York alifungua karakana yake 1932, akafariki 1964, akaacha magitaa 1,164. Hiyo ni kama 36 kwa mwaka, matatu kila mwezi. Wewe langu hili moja?"

"Alikuwa na wasaidizi," akasema. "Na sidhani kama wateja wake walikuwa wanampigia simu kila Jumatatu."

Mwishowe kasha likafika. Nalishika vibao vya kufungulia, nakuta karatasi: usifungue mpaka saa 24 zipite, mbao zizoee hewa ya chumba. Nimesubiri mwaka na miezi, halafu naambiwa nisubiri na kasha liko miguuni pangu! Usiku ule nililala nimelielekea kasha. Mke wangu alielekea ukutani.

Kesho yake nikalitoa. Zuri, we acha tu. Nikapiga noti zangu nne, na hapo ndipo nilipogundua nimeibiwa na nafsi yangu. Gitaa hili halifichi kitu. Kila noti inatoka safi, ikiwemo ile isiyotakiwa. Nikageuka kutafuta wa kumlaumu: shingo imenyooka, freti, vile vyuma vya kukingama shingoni, zimelala sawa, uzi haukoromi. Tumebaki vidole vyangu na mimi.

Na matunzo yake! Unyevu wa hewa usishuke sana chini ya asilimia 45, mbao zisije zikapasuka, wala usizidi 55. Nikanunua kipimo. Sasa gitaa lina habari za hali ya hewa na watoto hawana, na nimeshasemwa kwa hilo. Stendi nayo si yoyote, kuna mpira unaoyeyusha laka, ile rangi ya kung'arisha mbao. Kwa hiyo gitaa likisimama ni kosa, likilala ni kosa. Muda mwingi nimelipakata tu, sipigi, nalishikilia.

Wiki iliyopita nikaona nibadilishe nyuzi. Karatasi ilisema utoe mmoja, uweke mmoja. Mimi na haraka zangu nikalegeza zote sita kwa mpigo, nikainamisha gitaa nipanguse vumbi. Kitu kikateleza, kikadunda sakafuni, kikaingia chini ya kochi.

Nikampigia.

"Fundi, daraja limeondoka."

Kimya. Kisha akavuta pumzi. "Ulitoa nyuzi zote?"

"Zote."

"Na pikapu je?"

Nikachungulia.

"Hiyo bado inaelea."