Kitunguu saumu kina nguvu, ila tusikipe kazi ya ARV

Shika punje nzima ya kitunguu saumu uinuse: karibu haina harufu. Iponde, na mara jiko zima linanuka. Kinapopondwa, kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kemikali) kiitwacho alinasi hukutana na alini, kemikali nyingine iliyomo ndani ya punje, na hapo huzaliwa alisini, kemikali yenye salfa ambayo Cavallito na Bailey waliitenga huko Marekani mwaka 1944 na kuonyesha kuwa inaua bakteria.

Kwa hiyo anayewacheka bibi zetu kwa kukitumia anakosea. Hata kwa wagonjwa wa presha, majaribio kadhaa yameonyesha kuwa vidonge vyake huishusha kiasi. Si haba.

Tatizo ni kwamba alisini haidumu. Ukikitia sufuriani kabla hakijapondwa, moto unakiua kimeng'enya na alisini haiundwi. Ukikila kibichi, inavunjika upesi mwilini. Kuua bakteria kwenye kisahani cha maabara ni rahisi kuliko kuwafuata ndani ya damu. Na lehemu (kolesteroli), ambayo wengi wetu tunamezea punje asubuhi? Chuo Kikuu cha Stanford kilichapisha mwaka 2007 jaribio la watu 192 waliotumia kitunguu saumu kibichi, vidonge vyake au dawa bandia ya kulinganishia kwa miezi sita. Kitunguu saumu hakikushusha lehemu mbaya.

Hayo yanavumilika. Linalonitia hofu ni Afrika Kusini, ambako Waziri wa Afya wa wakati huo, Manto Tshabalala-Msimang, aliwasifia wagonjwa wa UKIMWI kitunguu saumu, viazi sukari vyekundu (bitiruti) na limau, huku serikali ikisitasita kugawa ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Watafiti wa Harvard walikadiria baadaye kuwa kuchelewa huko, kati ya 2000 na 2005, kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000. Tena watafiti wa Marekani walikuwa wamekwisha kuona kuwa vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza kwa takriban nusu kiwango cha saquinavir, mojawapo ya ARV za wakati ule, katika damu. Yaani hata aliyechanganya vyote viwili, akidhani anajiongezea kinga, angeweza kujidhoofishia dawa.

Mimi nitaendelea kukitia kwenye mchuzi, na sitamkataza mtu. Ila anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au anayesubiri upasuaji, amwambie daktari kama anameza vidonge vyake, maana vinaweza kumzidishia kutokwa damu. Daktari naye aulize kwa upole. Mgonjwa aliyekemewa leo kwa "dawa za kienyeji", kesho atanyamaza.