Majike wawili geti moja: wanaokataza wana hoja, ila sio yote

Nikimwambia mtu nina mbwa wawili na wote jike, swali la kwanza sio wanaitwaje wala wanakula nini, ni "hawajauana bado?" Anacheka lakini anamaanisha. Tuna ule msemo wa mafahali wawili hawakai zizi moja, na ukiusikiliza vizuri unasema mafahali, yani madume, ila watu wa mbwa wameugeuza kabisa, wanakwambia madume wanapimana nguvu siku moja yanaisha, majike wakianza ndo basi tena, kinyongo mpaka mmoja aondoke. Kuna na wanaomalizia na utani wa wake wenza, huo mi huwa siucheki, unawasingizia wanawake na unawasingizia mbwa pia.

Naandika hivi kwa sababu jirani ameshaniambia mara mbili nimpe Kwini kabla hayajanikuta. Sheba ana miaka 5, Kwini ana miezi 14, na kiukweli nimewaza.

Tuanze na wanaokataza maana hawajatunga. Mwaka 2011 jarida la chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani lilitoa utafiti wa jozi 38 za mbwa wanaogombana ndani ya nyumba moja, na karibu jozi 8 kati ya 10 zilikuwa za jinsia moja, halafu nyingi zilikuwa na jike ndani yake. Ukikaa na wafugaji wa muda mrefu hapa Dar wanakwambia hivo hivo bila kusoma jarida lolote. Lakini angalia wale mbwa walipatikana wapi, ni waliopelekwa kliniki kwa sababu tayari wanagombana. Nani anampeleka daktari mbwa wake kumwambia daktari hawa wanapendana? Ni kama ukae wodi ya waliovunjika miguu halafu useme bodaboda zote huanguka. Utafiti ule unakuonyesha ugomvi ukitokea unakuwa wa nani na nani, haukwambii ni majike wangapi wanaishi pamoja hawana habari na mtu.

Kitu kingine mle ndani ambacho watu hawakitaji, aliyekuwa anaanzisha mara nyingi ni yule mdogo au aliyekuja mwisho, na vilivyowasha moto ni chakula, mwenye mbwa kumjali mmoja, vurugu za furaha, na vitu walivyookota. Hapo ndo mi nikashtuka, maana hivo vitu vinne ndo maisha ya mbwa wa Kibongo kuanzia asubuhi mpaka usiku.

Fikiria tunavyowafuga. Mchana kutwa wako bandani, banda lenyewe fundi kaliweka mlango mmoja mwembamba wa kupita mbwa mmoja. Jioni inaletwa sufuria moja ya dona na dagaa au miguu ya kuku, wote vichwa ndani. Saa nne usiku unafungua, wamejaa nguvu za siku nzima, wanagombania kutoka. Baba anarudi anapiga honi, wote mbio getini, wote wanataka kuwa wa kwanza kurukia gari, na pale kwenye furaha ile mmoja anamkanyaga mwenzie au anamzuia na bega, sekunde mbili meno yako shingoni. Halafu tunasema unaona, majike hao! Mlango ule ule na sufuria ile ile ungewawekea watu nao wangechapana.

Ila nisijifanye mjanja, kuna swali linabaki. Nyumba ngapi zina dume na jike na wanakula sufuria hiyo hiyo bila kelele? Nyingi. Kwa hiyo jinsia ina kazi yake, na kazi yenyewe kwa sehemu kubwa iko kwenye joto, yani kile kipindi jike anakuwa tayari kupandwa.

Jike anaingia joto kila baada ya miezi 6 hivi na inachukua wiki 2 mpaka 3. (Yule mbwa wa Kongo anayeitwa basenji ndo anaingia mara moja tu kwa mwaka.) Wiki zile koko wa mtaa mzima wanalala nje ya geti lako, ndani kila mtu hana utulivu. Hiyo watu wanaijua. Wasiyoijua ni ya baadae, miezi kama 2 joto likishapita, jike ambaye hakupandwa kabisa mwili wake unaweza kujidanganya kwamba amezaa. Maziwa yanatoka, anachimba shimo, anabeba kitu anakilea. Sheba mwaka jana alilea kandambili. Nakwambia kandambili ya buluu ya mguu mmoja, akailaza kwenye kona akaizungushia tumbo lake, na Kwini wakati huo mtoto wa miezi michache akaenda kunusa tu. Sikio likachanika. Ingekuwa sijui mambo ya mimba ya uongo ningesema Sheba kamchukia mtoto na ningemtoa siku hiyo hiyo. Niliiondoa kandambili akiwa hayupo, nikawatenganisha kama wiki mbili, wakarudi kulala mgongo kwa mgongo.

Sasa utasikia "mfunge kizazi, yaishe", yani apasuliwe atolewe ovari na kizazi. Na ni ushauri mzuri kweli, joto linaondoka, mimba ya uongo inaondoka, na ule ugonjwa wa usaha kwenye kizazi unaoua majike wazee nao unaondoka. Shida ni hapo kwenye "yaishe". Kama wawili wameshazoea kugombania sufuria, upasuaji hautawasahaulisha sufuria. Kuna na madaktari wa tabia za mbwa wanaotahadharisha kwamba jike ambaye tayari ni mkali anaweza asitulie baada ya kufungwa, saa ingine anazidi. Na usimpeleke akiwa katikati ya mimba ya uongo, daktari makini atakwambia subiri maziwa yakauke kwanza. Kwa hiyo fanya, ila ufanye mapema na usiitegemee peke yake. Gharama sisemi, maana mwenye daktari karibu anajua na asiye naye anajua zaidi.

Wengine wanaleta mbwa mwitu, wale wa Selous na Serengeti, eti kundi zima jike mmoja tu ndo anazaa kwa hiyo asili haitaki majike wawili. Kwa kawaida ni kweli ndivyo wanavyoishi, lakini mbwa mwitu wetu sio babu wa mbwa wako, hata kuzaliana hawawezi. Na ukitaka kumtumia yeye kama mfano mtumie wote basi, majike wale wakikua mara nyingi wanaondoka kundini pamoja, dada kwa dada.

Tukiwa hapo hapo kwenye dada. Kosa ninaloliona sana ni mtu kwenda kuchukua watoto wawili wa tumbo moja, wote jike, kwa imani kwamba ndugu watapendana. Wanapendana kweli, mpaka kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu wanapokomaa akili, na kwa sababu umri ni mmoja na nguvu ni moja hakuna wa kumpisha mwenzie. Bora pengo la miaka kadhaa, mkubwa awe ameshajikalia. Shangazi yangu Moshi alikaa na mama na binti yake miaka mingi tu, na ukimuuliza siri anakushangaa, siri gani, kila mmoja anakula kwenye beseni lake, mmoja mbele ya jiko mwingine nyuma ya nyumba. Hajawahi kusikia mambo ya utafiti huyo.

Na hii "weka dume na jike ulale usingizi" nayo ina bili yake. Siku 63 za mimba, watoto sita, saba, nane, unagawa wawili watatu, wengine wanabaki, na sote tunajua viroba vinavyotupwa dampo vinalia. Ugomvi hujapata lakini umewahamishia wengine shida. Hapo mwenye majike wawili ndani ya ukuta mzima ana ahueni, mradi ukuta uwe mzima kweli, maana koko anayeruka uzio haleti mimba tu, analeta na uvimbe wa sehemu za siri wanaoambukizana wakipandana.

Ishara zenyewe hazianzi na kelele, ndo maana watu wanasema wamegombana ghafla. Kabla ya hapo utaona mmoja anasimama mlangoni mwenzie asipite, anakakamaa, anakodoa macho bila kupepesa, anaweka kidevu juu ya shingo ya mwenzie. Hapo ita mmoja, mpe kazi, watawanye. Ikishafika kwenye meno usiingize mkono, nimeona mtu mzima kapoteza ncha ya kidole kwa kuvuta kola. Mwaga maji, au chomeka ubao au bati katikati yao. Ukiumwa osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 halafu nenda hospitali, hata kama mbwa ni wako na kachanjwa, usijipe udaktari.

Nikubali pia kuna jozi hazifai. Wakishaumizana mpaka kushonwa, na zaidi ya mara moja, na kila wakionana wanaanza upya, hapo kumuhamisha mmoja sio ukatili. Nyumba yenye mtoto anayetambaa mi nisingejaribu kabisa. Wala kama mmoja ana kilo 40 na mwingine kilo 8, hapo hata ugomvi mdogo ni msiba.

Kwini hajafika huko. Wiki iliyopita alimzuia Sheba kwenye mlango wa banda mara mbili, shingo juu, mkia umesimama, na mara zote Sheba aligeuza uso akasubiri. Ndo namwangalia Sheba sasa, siku akikataa kusubiri itakuwa habari nyingine. Vyombo vya chakula viko viwili tangu Juni, kimoja bandani kingine karibu na tenki. Jirani nimemwambia asubiri kwanza. Jumamosi fundi anakuja kutoboa mlango wa pili wa banda, upande wa nyuma, na ameshaniuliza mbwa wawili milango miwili ya nini.