Queen Latifah hakufulia

Juzi kwenye kundi moja la WhatsApp mtu aliweka picha ya Queen Latifah akiwa kwenye tamthilia ya The Equalizer, chini yake akaandika kwamba huyu mama alifulia kwenye rap ndipo akakimbilia kuigiza. Wengine wakamuunga mkono. Nimeshindwa kunyamaza, kwa sababu ndiyo maneno tunayowatupia hata wasanii wetu hapa Bongo. Rapa akionekana kwenye tamthilia tu, tayari watu wanasema kaishiwa mistari.

Tuanze na tarehe. Living Single, tamthilia yake ya vichekesho, ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Fox Agosti 1993. Albamu yake ya rap, Black Reign, ikatoka Novemba mwaka huohuo, na ikafikia mauzo ya dhahabu, yaani nakala laki tano Marekani, jambo ambalo hakuna rapa wa kike asiye na kundi aliyekuwa amelifikia kwa albamu kabla yake. Humo ndimo ulimo wimbo wa U.N.I.T.Y., uliompa Grammy mwaka 1995, tamthilia ikiwa bado hewani. Hata wimbo wa kufungulia tamthilia yenyewe ni sauti yake. Sasa huko kufulia kulitokea mwezi gani? Alikuwa juu kwenye kazi zote mbili kwa wakati mmoja.

Ila hata tarehe hazinigusi sana kama hili lingine: Latifah, ambaye jina lake halisi ni Dana Owens wa Newark, New Jersey, alikuwa mwigizaji tangu siku za maiki. Rudini kwenye video ya wimbo wake Ladies First, mwaka 1989, akiwa na miaka 19, pamoja na rapa Monie Love wa Uingereza. Amevaa kijemadari, amesimama mbele ya ramani kubwa ya kusini mwa Afrika. Anaviondoa vinyago vya watawala weupe na mahali pake anasimamisha ngumi nyeusi. Katikati zinapita picha halisi za watu wakipigwa mitaani Afrika Kusini. Mandela bado yuko gerezani. Vijana wa ANC bado wanasoma kwetu Mazimbu, Morogoro. Na binti wa New Jersey, mtoto wa mwalimu na polisi, anaigiza kamanda wa vita ileile, na unamwamini. Macho hayayumbi, mkono hauna haraka. Hakuna aliyemwambia asubiri kwanza afulie ndipo aigize.

Halafu sikilizeni tena U.N.I.T.Y., taratibu, ubeti wa kwanza. Jua kali, amevaa kaptura, anapita barabarani. Anapishana na kundi la vijana, mmoja anamshika makalio. Anageuka kwa hasira. Yule mdogo kuliko wote anamtukana na kucheka, anajitutumua kwa kuwa yuko na wenzake. Ngumi ya Latifah inamtua jichoni. Hiyo ni sini nzima ya filamu, ina mahali, ina watu, ina mwanzo na kilele, na imekwisha ndani ya mistari michache. Msichana yeyote aliyewahi kupita karibu na kijiwe au stendi jioni anaijua sini hiyo mwilini mwake. Ubeti unaofuata anakuwa mwanamke anayepigwa nyumbani na anayefika mahali pa kusema basi. Anabadilika kabisa, sauti inashuka, hofu unaisikia. Ukiweza kufanya hivyo kwa sauti peke yake, kamera ikija inakukuta uko tayari.

Na kamera ilipokuja hakujificha. Khadijah James wa Living Single ni mwanamke mweusi anayemiliki jarida lake Brooklyn, anahangaika kulipa watu, anaishi na wenzake, anacheka nao, anagombana nao. Shingoni Latifah alikuwa anavaa ufunguo wa pikipiki ya kaka yake, aliyefariki ajalini mwaka 1992 juu ya pikipiki ambayo yeye mwenyewe alimnunulia. Nilipolijua hilo niliangalia upya vipindi kadhaa, na kila aliposimama kuchekesha watu nilikuwa naangalia shingo. Mtu anafanya kazi ya kuchekesha na msiba wake uko kifuani. Kweli huo ni uvivu wa mtu aliyeshindwa muziki?

Wengi wetu lakini tulimjua kupitia filamu ya Set It Off ya 1996. Cleo, mwizi wa benki, anawaaga wenzake, anawaacha waende, kisha anaendesha gari peke yake kuelekea kwenye bunduki za polisi. Nimekaa kwenye kibanda cha video kilichojaa wanaume watu wazima na hakuna aliyesema neno. Hiyo ilikuwa miaka 6 kabla ya Chicago, filamu iliyompa uteuzi wa Oscar.

Haya, nakubali moja, kwa shingo upande. Baada ya albamu ya Order in the Court ya 1998 rap yake ilipungua sana, akaelekea zaidi kwenye kuimba, na sisi mashabiki wa mistari tulibaki na njaa. Zipo pia filamu ambazo siwezi kuzitetea. Taxi ni mojawapo. Lakini kupungua siyo kufulia, na Ice Cube na Will Smith nao walipunguza rap wakaenda kwenye filamu. Wao tunasema wamepanda ngazi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tunasahau alikuwa anamiliki. Flavor Unit, kampuni aliyoijenga na Shakim Compere, ilisimamia kundi la rap la Naughty by Nature wakati wanawake kwenye rap walikuwa wanachukuliwa kama mapambo ya video. Kampuni hiyohiyo ikaingia kwenye kutengeneza filamu. Filamu ya Bessie ya HBO, ya mwaka 2015, aliigiza yeye na alikuwa mmoja wa watayarishaji, na ikashinda Emmy ya filamu bora ya televisheni. The Equalizer ilienda misimu 5, kuanzia 2021 hadi 2025, yeye akiwa mhusika mkuu na mtayarishaji mtendaji, amevuka miaka 50, anapigana, ana binti wa kulea, na haombi radhi kwa umbo lake wala umri wake. Desemba 2023 alipopewa heshima ya Kennedy Center, tuzo kubwa ya sanaa Marekani, rapa wa kwanza mwanamke kuipata, alipewa kwa kazi yote: maiki, kamera na ofisi. Wenye kundi lile wakitaka kubishana, waanze na Black Reign, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kisha waniambie ni mstari gani uliofulia.