Nilitaka Kurekodi Gitaa, Nimerekodi Ua Mzima

Mimi ni mtu wa mahitaji madogo. Nina gitaa kavu, lile ambalo wazee wetu waliliita galatoni, nililolinunua kwa mwanakwaya mmoja aliyekuwa anahamia Dodoma na hakutaka kuligombania nafasi na magunia kwenye buti la basi, na nina nyimbo nne nilizotunga mwenyewe, mbili kati yake zikiwa tayari zina maneno. Nilichotaka ni kuzirekodi nyumbani, kwa sababu studio ya mtaani kwetu inatoza kwa saa, nami huikosea kordi ya F mara nane kabla sijaipata. Nilipopiga hesabu niliona kwamba kordi ya F peke yake ingenifilisi.

Kwa hiyo siku ya Jumamosi nilishuka Kariakoo, nikaingia duka la kwanza lenye nyaya mlangoni, nikaomba kipaza sauti cha bei nafuu. Kijana wa dukani aliingia stoo, na aliporudi alikuwa anakokota spika yenye magurudumu, taa za rangi na mpini kama wa sanduku la safari. "Hiki hapa, bosi, kinapaza mpaka mtaa wa tatu." Sikuweza kumlaumu, kwa maana ni lugha yetu wenyewe iliyoamua kukipa chombo kinachomeza sauti na chombo kinachoitapika jina moja, kisha ikatuachia sisi wateja tumalizane huko dukani. Nilipofafanua kuwa nataka maiki, aliniuliza kama ni ya kuhubiria, ya kuchezeshea harusi au ya kutangazia dawa ya mende. Nilisema ni ya gitaa. Alinitazama kama mtu aliyeomba kijiko cha kulia ugali.

Nilitoka pale na maikrofoni moja ya shilingi 45,000, iliyoandikwa ubavuni kwamba ni Shure SM57. Nilikuwa nimesoma kwamba aina hiyo inatengenezwa tangu mwaka 1965, kwamba huwekwa mbele ya ngoma na magitaa katika studio kubwa duniani, na kwamba huko Marekani inauzwa takribani dola 100. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza inakuwaje kitu cha dola 100 kivuke bahari, kilipiwe ushuru, kipande mkokoteni wa Kariakoo, halafu kiuzwe kwa chini ya dola 20. Mimi sikujiuliza. Mimi nilijipongeza kwa kupunguziwa elfu tano.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu, fundi mitambo wa kanisani, ambaye aliipokea, akaipimapima mkononi kama anayenunua papai, kisha akasema kwamba SM57 halisi ina uzito wa gramu 284 na hii yangu anaiona nyepesi. Hatukuwa na mizani. Tulikwenda buchani. Muuza nyama, ambaye ni mtu mpole, aliifuta mizani yake kwa kitambaa, akaiweka maikrofoni yangu pale penye alama ya damu ya maini, na sisi wote watatu, pamoja na mama mmoja aliyekuwa anasubiri nusu kilo ya mchanganyiko, tukainama kusoma tarakimu. Zilikuwa gramu 190. "Mzee," muuza nyama akaniambia kwa upole wa daktari, "hii wamekupunja, haifiki hata robo." Yule mama alinishauri niirudishe niongezewe.

Nilirudi dukani, lakini kijana yule hakuwepo, na aliyekuwepo hakuwahi kumsikia.

Fundi, kwa kunihurumia, aliniazima maikrofoni ya kanisani kwa siku tatu huku akinipa somo ambalo sikulilipia na ambalo ningepaswa kulipata kabla ya kupanda daladala. Maikrofoni za kawaida, alisema, ni za namna mbili. Kuna dainamiki, ambayo ndani yake kiwambo kimeshikamana na koili ndogo inayotikisika kwenye sumaku. Ni ngumu, haihitaji kupewa umeme, ikianguka unaiokota na kuendelea, na ndiyo maana wahubiri huipiga makofi na bado inafanya kazi. Kuna kondensa, ambayo kiwambo chake ni utando mwembamba uliokaa karibu mno na bamba la chuma, haubebi koili yoyote, na kwa sababu ya wepesi huo unashtuka kwa mtikisiko mdogo kabisa, hata ule wa ukucha unapoparuza uzi. Gitaa kavu lina sauti ndogo yenye mambo mengi madogo ya siri, kwa hiyo wengi huchagua kondensa. Sharti lake ni kwamba huhitaji umeme wa volti 48, unaopitia kwenye waya ule ule wa sauti.

Niliijaribu kwanza ile dainamiki ya kanisani. Inasikia vizuri mtu anapoimbia mdomo ukiwa juu yake, lakini kwa gitaa linalopigwa taratibu na mtu mwenye haya kama mimi ilinibidi nizungushe kitufe cha geini, kile cha kuikuza sauti inayoingia, karibu mpaka mwisho, na huko mwisho nilikuta mlio wa mafuta yanayokaangiwa samaki. Niliamua nitanunua kondensa, safari hii kutoka kwa mtu anayetoa risiti. Fundi alinitajia kadhaa za bei ya wanyonge, ikiwemo zile nyembamba kama sigara ambazo huuzwa mbili mbili na zinalifaa sana gitaa, lakini nilichagua Audio-Technica AT2020 kwa sababu ya busara kabisa: kulikuwa na mtu wa uhakika aliyekuwa anauza yake, kidogo imetumika, na alikubali nilipe kwa mafungu mawili.

Hakuna aliyeniambia kwamba maikrofoni ya kondensa haiolewi peke yake, inakuja na ukoo wake. Haichomeki kwenye kompyuta, inadai saundi kadi, yaani kisanduku cha kuiingiza sauti kwenye kompyuta, yenye kitufe cha volti 48. Saundi kadi inadai kebo ya XLR, ile yenye pini tatu. Maikrofoni haiwezi kushikwa mkononi kwa sababu itarekodi vidole vyako, kwa hiyo inadai stendi, na stendi ya bei nafuu ina tabia ya kuinama polepole kama mzee anayesinzia kwenye kikao, hivyo inadai tofali la kuikandamiza mguuni. Kisha unahitaji hedifoni za kuziba masikio, maana ukisikiliza kwa spika unapojirekodi, chumba kinapiga yowe. Zipo maikrofoni za USB zinazochomekwa moja kwa moja zikakuondolea ukoo huu wote, na mtu mwenye wimbo mmoja na mke mwenye maswali angenunua hiyo akamaliza. Mimi nilikwisha kulipa fungu la kwanza.

Mahali pa kuiweka nako kuna elimu yake. Mtu yeyote ambaye hajafundishwa huielekeza kwenye tundu la gitaa, kwa kuwa ndiko sauti inakoonekana kutoka, nami nilifanya hivyo, nikarekodi pipa tupu la maji likiviringishwa kwenye kokoto. Tundu ndilo linalosukuma hewa na besi, na maikrofoni zinazosikia upande mmoja huongeza besi kadiri zinavyosogezwa karibu na chombo, kwa hiyo unapata besi juu ya besi. Fundi aliihamisha mpaka pale shingo inapokutana na tumbo la gitaa, karibu na freti ya 12, yaani kile chuma cha kumi na mbili kinachokatiza shingo, umbali wa sentimita 20 hadi 30, akaigeuza kidogo tu kuelekea kwenye tundu. Nilipiga tena. Ninaapa sikulitambua gitaa langu. Nyuzi ziling'aa, kila kidole kikawa na jina lake.

Lakini nyuma ya gitaa kulikuwa na watu.

Ninaishi katika nyumba ya kupanga yenye wapangaji sita, ua mmoja na bomba moja. Kondensa, nilikuja kugundua, haijui kuwa umeinunua kwa ajili ya gitaa. Ilinasa feni. Nilizima feni, ikanasa friji. Nilichomoa friji, ikanasa sufuria za Mama Shamimu, bodaboda anayejaribu injini, jogoo ambaye saa yake imeharibika, muuza barafu na ule muziki wake usio na mwisho, na mtoto wa chumba cha nne akikariri jedwali la saba na kukosea kila mara kwenye saba mara nane. Nina rekodi ya wimbo wangu wa pili ambamo, baada ya ubeti wa kwanza, sauti ya mtoto inasema hamsini na nne, na kusema kweli imekaa vizuri kwenye mdundo.

Fundi alisema dawa yake ni kuielekezea kelele kisogo cha maikrofoni, kwa kuwa aina hii husikia zaidi kwa mbele na kwa nyuma ni kama kiziwi. Ushauri huo ni mzuri kwa mtu ambaye kelele zake zina upande. Zangu zinatoka pande nne, na mvua ikinyesha zinatoka pia juu, kwenye bati. Nilisimamisha godoro ukutani ili kumeza mwangwi, nikatundika mablanketi mlangoni, nikafungua kabati ili nguo nazo zisaidie. Mama Neema aliporudi kutoka sokoni alisimama katikati ya chumba, akatazama kitanda kisicho na godoro, akaniuliza, "Baba Neema, tunahama?"

Hapo huwa ninamkumbuka Jean Bosco Mwenda, ambaye mwaka 1952 alirekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, huko Jadotville, mji wa Kongo ambao sasa unaitwa Likasi, akipiga gitaa kavu na kuimba kwa Kiswahili, na mpaka leo wapiga gitaa wanahangaika kuvifuata vidole vyake. Hakuna aliyemwomba Mwenda ainue godoro. Lakini pia yeye alikuwa Mwenda, na kordi ya F haikumtisha.

Mwishowe nilianza kurekodi saa tisa usiku. Ni saa nzuri, isipokuwa mbwa. Juzi, hata hivyo, niliwahi jioni, kwa kuwa ua ulikuwa kimya na jogoo ameliwa siku ya Jumapili, nikapiga wimbo wa tatu mwanzo hadi mwisho bila kukosea, F ikiwemo. Nilivaa hedifoni nisikilize matunda yangu. Gitaa lilikuwa safi. Kwenye dakika ya pili, kule chini ya nyuzi, kwa mbali, nikamsikia mama mwenye nyumba akizungumza na dalali pale bombani. Niliongeza sauti. Niliondoa besi kidogo, kama fundi alivyonifundisha, ili maneno yatoke. Alikuwa anasema kwamba kuanzia Januari atapandisha kodi ya vyumba vyote sita, na kwamba ataanza na chumba cha yule wa gitaa, maana mtu anayenunua mitambo ya studio hawezi kushindwa.

Nimeurudia ubeti huo mara saba. Inaniuma kukiri, lakini yeye ametoka vizuri zaidi yangu.