Swails ni zaidi ya "mweusi wa kwanza"

Kila anapotajwa Stephen Atkins Swails, hutangulizwa sifa moja: mmoja wa maafisa weusi wa kwanza katika jeshi la Marekani. Sifa hii hainikoshi. Ina walakini, maana huko Louisiana mwaka 1862, katika Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, walikuwapo makapteni na maluteni weusi katika vikosi vya Native Guards, vikosi vya askari weusi wa upande wa serikali kuu, kabla Jenerali Banks, kamanda wa serikali kuu huko, hajawabana hadi wengi wao wakajiuzulu. Tena inamwacha Swails vitani, kana kwamba alipovua sare maisha yalikwisha.

Vita tuvipitie harakaharaka. Alizaliwa Pennsylvania mwaka 1832, akaingia Rejimenti ya 54 ya Massachusetts, ya askari weusi, mwaka 1863 na kupigana Fort Wagner, ngome ya waasi huko South Carolina. Februari 1864 alijeruhiwa kichwani huko Olustee, Florida. Mwezi uliofuata John Andrew, gavana wa Massachusetts, akampa uluteni, lakini Wizara ya Vita ikaugomea kwa kuwa ana asili ya Afrika. Ilikubali Januari 1865. Ndiyo serikali hiyohiyo iliyompa askari mweusi dola 10 kwa mwezi na kumkata 3 za nguo, mweupe akipokea 13. Wanajeshi wa 54 walisusa mshahara wote, wakapigana bure, hadi Bunge lilipobadili sheria Juni 1864.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Vita vilipokwisha, Swails aliamua kuishi South Carolina, jimbo lililoanzisha uasi wa majimbo ya kusini yaliyotetea utumwa. Alihudumia watu waliotoka utumwani, kisha mwaka 1868 akawa mjumbe wa mkutano wa katiba ambao wajumbe wake wengi walikuwa weusi. Katiba waliyoiandika iliagiza shule za umma zilizo wazi kwa watoto wote. Hebu fikiria: jimbo ambalo muda mfupi nyuma kumfundisha mtumwa kuandika lilikuwa kosa la jinai!

Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa seneta wa jimbo kutoka Kaunti ya Williamsburg. Akadumu miaka kumi, na kuanzia 1872 alikuwa akiongoza vikao vya Seneti gavana msaidizi asipokuwapo. Huko Kingstree, mji mkuu wa kaunti hiyo, alikuwa meya, wakili na mhariri wa gazeti. Kwangu mimi, hilo lilihitaji moyo kuliko Olustee. Vitani alikuwa na rejimenti nzima ubavuni. Kingstree alilala jirani na watu waliokuwa wamepigania utumwa, na asubuhi akaenda kuwatungia sheria.

Mwaka 1877 askari wa serikali kuu waliacha kulinda serikali ya chama cha Republican, chama cha Swails kilichotetea haki za weusi wakati huo, jimboni humo. Mwaka uliofuata Swails alitishiwa kuuawa, akajiuzulu useneta na kuondoka. Alipata ajira katika ofisi za serikali Washington. Alifariki mwaka 1900, miaka mitano baada ya South Carolina kuandika katiba nyingine iliyowaengua weusi kwenye upigaji kura. Wanaomsifu kwa nyota za begani wangetueleza pia ni nani waliomfukuza Kingstree, na kwa nini wakaachwa wafanye hivyo.